Kikohozi cha Gari la Mwalimu

Watu walimwita Fundi Sikio, na jina hilo alilipenda kuliko lile alilopewa na wazazi wake. Alilipata kwa haki. Gari lilipoingia gereji likitetemeka, mafundi wengine wangekimbilia spana. Yeye alichukua bisibisi ndefu, akaweka ncha yake juu ya injini na mpini wake sikioni, akafumba macho. Baada ya muda alisema, "Silinda ya tatu," na mara nyingi ilikuwa silinda ya tatu kweli. Wateja walizisimulia habari hizo kwa kutia chumvi. Kuna mmoja aliyeapa kwamba Sikio aliwahi kutaja ugonjwa wa gari likiwa bado linakata kona kuja kwake. Sikio hakumkanusha.

Gereji yenyewe ilikuwa uwanja wa udongo ulioshiba oili, umezungushiwa mabati pande tatu, na upande wa nne ukawa wazi kwa barabara inayopanda kilima. Palikuwa na shimo moja la kuingilia chini ya gari, meza ya mbao iliyochimbikachimbika kwa nyundo, na benchi la wateja lililokuwa zamani kiti cha nyuma cha basi. Kwenye benchi hilo walikaa hata wasio na gari, wamefuata maneno tu.

Hakuwa peke yake. Kwa miaka kumi na tisa alifanya kazi na shemeji yake, mume wa dada yake mdogo, fundi wa umeme wa magari. Huyo walimwita Taratibu, maana neno hilo halikumbanduka mdomoni. Mteja akija mbio, ataambiwa, "Taratibu, bwana, gari halina miguu, halitakukimbia." Sikio alipenda kazi yake ionekane; Taratibu alipenda aachwe na kazi yake. Mchana walikula sahani moja. Binti ya Taratibu akitoka shule alipita gereji kwanza kumsalimia mjomba wake, akapewa kitu cha kutafuna, ndipo akaenda nyumbani.

Basi siku moja, asubuhi, akaja Mwalimu.

Mwalimu alikuwa mstaafu aliyewafundisha hesabu nusu ya watu wa mtaa ule, na gari lake lilikuwa zee kama utumishi wake: la kabureta na platini, rangi ya maziwa, viti vimeshonwa upya mara mbili. Alisimama kando yake kama mzazi aliyempeleka mtoto hospitali.

"Linakohoa," alisema. "Likiwaka, linawaka vizuri. Likisimama, linanguruma kama paka aliyeshiba. Lakini nikikanyaga mafuta nipande kilima, linabana pumzi. Linashtuka, linakohoa mara mbili tatu, halafu linakwenda. Na siku nyingine halifanyi hivyo kabisa."

Mafundi huita hivyo kumisi: silinda inafikiwa na zamu yake ya kuwaka, haiwaki, na gari zima linajikwaa. Sikio akaleta bisibisi yake, akasikiliza, benchi lote likanyamaza.

"Plagi zimechoka, na waya zake," alisema. "Tukibadilisha hizo, Mwalimu, utasahau kama liliwahi kuumwa."

Taratibu alikuwa amechuchumaa karibu na gurudumu. "Mimi ningelipandisha kilima kwanza," alisema polepole. "Nilisikie linakohoa wapi. Na pengine tufungue distributa inayogawa umeme kwa plagi, tutazame ndani."

"Distributa niliifungua mwenyewe miezi miwili iliyopita, wewe ukiwa kitandani na homa. Iko sawa."

"Najua. Ni kutazama tu."

"Shemeji, kama hukulala vizuri, nenda ukalale."

Watu wa benchini wakacheka. Taratibu naye akacheka kidogo. Hakuwa mtu wa kununa akitaniwa. Alitumwa dukani akanunua plagi mpya na waya mpya, akazifunga siku hiyo hiyo, Mwalimu akaondoka ameridhika.

Siku ya tano gari likarudi. Sikio akasema ni kabureta. Akaifungua, akaiosha kwa petroli, akavipuliza vitundu vyake kimoja kimoja, akairudisha. Gari likaenda vizuri wiki nzima. Halafu likaja mara ya tatu, na safari hii lilisukumwa na watu. Lilikuwa limebana pumzi katikati ya barabara, lori likiwa nyuma yake, na dereva wa lori alishika breki hata shehena ikahama. Mwalimu alishuka. Ilikuwa Jumamosi, benchi limejaa mpaka watu wamekalia matairi.

"Fundi," alisema, "mimi sijui magari. Lakini nimefundisha miaka thelathini na nne. Mwanafunzi akinipa majibu matatu kwa swali moja, huwa najua hajui."

Watu waliangua kicheko. Hawakuwa na ubaya. Ni vile tu ilisemwa vizuri. Lakini katika miaka yote ile hakuna aliyewahi kumcheka Sikio katika uwanja wake mwenyewe. Alihisi damu ikimpanda masikioni. Akatafuta pa kuweka lile jambo, na macho yake yakamwangukia shemeji yake.

"Mwalimu, sikio langu halina kosa," alisema kwa sauti ya kusikika na wote. "Mimi niliagiza vipuri vipya. Sasa mtu akifunga vya zamani vilivyosuguliwa, vile vipya akavipitishia mlango wa nyuma, sikio langu litafanya nini?"

Kicheko kilikatika. Hata yeye aliyasikia maneno yale kama yametoka kwa mtu mwingine, na alijua, pale pale, kwamba hayakuwa na msingi. Lakini yalikuwa yameshatoka, na benchi lilikuwa limemgeukia mwingine.

Taratibu alisimama, spana mkononi. "Unanisema mimi?"

"Nani mwingine alikwenda dukani?"

"Zitoe uzitazame."

Kuzitoa ilikuwa kazi ya dakika kumi. "Sina haja," Sikio alijibu. "Gari limeshasema."

Taratibu akangoja. Alingoja muda mrefu kuliko ilivyopendeza kutazama. Kisha akachukua kitambaa, akafuta vidole, kimoja baada ya kingine, akailaza spana juu ya meza bila kuigonga, akatoka kwenda barabarani.

Sikio alijiambia atarudi baada ya chakula. Alipokosekana, akajiambia kesho. Kesho yake akajiambia kwamba kumfuata ni kukubali kosa, na kosa hakulikubali. Baada ya wiki dada yake alikuja gereji, akakataa kukaa.

"Kaka, nina swali moja tu. Yale uliyoyasema, unayaamini?"

Hapakuwa na mtu mwingine uwanjani. Angeweza kusema hapana, na mambo yangeishia pale. Badala yake alisema, "Gari halisemi uongo."

"Haya," alisema dada yake, akaenda zake.

Neno la Sikio lilikuwa na uzito kuliko alivyodhani. Taratibu alipita gereji nne kuomba kazi, na katika zote nne aliambiwa kwa upole kwamba nafasi haipo. Mwishowe alipanga chumba kimoja karibu na tangi la maji, akaanza kutengeneza redio, pasi na feni. Mtoto akaacha kupita gereji. Mwaka wa tatu mama yao Sikio na dada yake alifariki. Kwenye msiba dada mtu alikaa na wanawake, akamsalimia kaka yake kama anavyosalimiwa jirani wa mbali, na Taratibu alibeba jeneza kwa nyuma wakati Sikio akibeba kwa mbele, hawakutazamana.

Miaka sita ilipita hivyo.

Siku moja gari la rangi ya maziwa likaja likivutwa kwa kamba. Safari hii aliyefuatana nalo alikuwa binti wa Mwalimu, muuguzi. Alieleza kwamba baada ya siku zile baba yake alilizoea gari na kikohozi chake. Aliliendesha polepole karibu mwaka, macho yakamharibikia, akalifunika turubai. Sasa Mwalimu alikuwa ameaga dunia, na yeye alitaka gari litembee.

"Sitaki kuliuza," alisema. "Na ukinikuta napanda kilima kwa miguu na gari lipo nyumbani, utanicheka."

Sikio alimwaga petroli iliyooza, akasafisha tangi, akaosha kabureta, akaweka betri nzuri. Akatoa plagi ili azisugue. Alipozishika mkononi, aliacha kusugua, akazigeuza kwenye mwanga. Zilikuwa plagi zile zile, na jina la kiwanda limechongwa wazi kwenye kauri, lile aliloagiza. Akachukua waya wa plagi, akaukwaruza kwa ukucha, halafu kwa kisu. Hapakuwa na rangi ya kupakwa. Maandishi ya mwaka yalionekana bado juu ya mpira wake. Vipuri vilikuwa vipya, na vilikuwa halali, na vilikuwa vimekaa humo miaka yote vikingoja mtu wa kuvitazama.

Akavirudisha. Injini ikawaka, ikanguruma vizuri. Akavuta mafuta kidogo kidogo. Injini ikabana pumzi, ikashtuka, ikakohoa.

Safari hii hakuleta bisibisi ya kusikilizia. Alizima injini, akafungua kifuniko cha distributa. Pembeni yake kuna kikopo kidogo kinachovutwa na hewa ya injini. Dereva akikanyaga mafuta, kikopo huzungusha sahani ya platini, swichi ya cheche, mbele kidogo ili cheche iwahi. Sikio akauchomoa mpira wa kikopo, akautia mdomoni, akanyonya hewa huku akitazama ndani. Sahani ikazunguka. Na ilipozunguka aliona waya mfupi wa kijani ukivutika mpaka ukawa umenyooka kama uzi wa kupimia ukuta.

Akaushika kwa vidole viwili. Ngozi yake ya nje ilikuwa nzima. Ndani, shaba ilikuwa imekatika. Gari likisimama, ncha mbili ziligusana na umeme ukapita. Sahani ikizunguka, ziliachana.

Aliujua waya ule. Pale panatakiwa waya laini wa nyuzi nyingi, unaovumilia kukunjwa siku zote. Huu ulikuwa waya mgumu wa ukutani, wenye uzi mmoja, uliokatwa mfupi mno. Maungio yake yalifungwa kwa gundi ya plastiki iliyounguzwa kwa kiberiti ili ishike, na katika mtaa ule mtu wa kuunguza kwa kiberiti alikuwa mmoja. Aliufunga mwenyewe, zile siku za homa ya Taratibu, akajiambia ni wa muda tu, kesho atatafuta unaofaa. Kesho ilipofika kulikuwa na magari mengine.

"Umepata?" aliuliza muuguzi.

"Nimepata."

"Ni nini?"

Angeweza kusema ni waya mdogo, na isingekuwa uongo. Alikaa juu ya tairi, akamweleza yote, tangu kikohozi cha kwanza hadi Jumamosi ile. Muuguzi alimsikiliza bila kumkatiza.

"Yule mzee wa redio," alisema mwishowe. "Siku moja nilikuwa sokoni na baba, tukakutana naye. Akatoa mkono. Baba akavuka barabara. Nilimuuliza mbona vile, akaniambia, 'Yule ni mwizi.' Nilishangaa, maana baba hakuwa mtu wa kusema watu."

"Alilisikia kwangu."

"Amekufa akiamini hivyo."

Sikio aliinuka kwenye tairi. Alikata waya laini kwa urefu unaofaa, akaufunga vizuri, na gari lilipanda kilima na kushuka bila kukohoa hata mara moja. Hakuwahi kutengeneza gari akajisikia vibaya kiasi kile.

Kesho yake mchana alikwenda kwenye chumba karibu na tangi la maji. Taratibu alikuwa nyuma ya meza, redio imefunguliwa tumbo mbele yake, miwani puani. Sikio hakujua kwamba siku hizi alivaa miwani. Hakupata salamu ya kuanzia. Akafungua kiganja, akauweka waya mezani.

Taratibu akaipandisha miwani kwenye paji la uso. "Wa kijani," alisema.

"Ulikuwa unaujua?"

"Siku ile unaosha kabureta, nilifungua kifuniko nikauona. Benchi lilikuwa limejaa. Nikasema nisikuaibishe mbele za watu, nitakwambia tukibaki wawili. Ukaondoka mapema, na gari likachukuliwa. Nikajiambia litarudi, nitaubadilisha kimya kimya." Akaugeuza waya kwa kidole. "Hilo ni kosa langu, na silisahau. Lori lingemmaliza yule mzee kwa sababu mimi nakutunzia heshima."

"Lakini Jumamosi ile, shemeji, ulikuwa umesimama pale. Ungesema neno moja tu. Waya."

"Ulinitazama kama mtu usiyemjua," Taratibu alisema. "Nikaona nikisema waya, tutabaki tunazungumza habari za waya."

Dada yake Sikio alitokea mlango wa uani, mikono imelowa maji. Alimtazama kaka yake, akautazama waya, akaelewa kabla hajaambiwa. Nyuma yake alisimama binti, mrefu sasa kuliko mama yake. "Shikamoo," alisema. Hakuongeza mjomba. Sikio akaitikia, akaanza kuomba msamaha kwa maneno aliyoyapanga njia nzima, yakamtoka shaghalabaghala.

Dada yake alimwacha amalize. "Kaka, sisi ukituomba hapa tutakuitikia. Chai utakunywa. Lakini maneno yale hukuyasemea humu ndani. Uliyasemea benchini."

Jumamosi iliyofuata Sikio alisimama mbele ya benchi lake. Alikuwa amejiandaa kuvumilia macho ya watu. Hakuwa amejiandaa kwa kijana wa kuuza vioo aliyeinua uso na kuuliza, "Huyo Taratibu ndiye nani?" Alipowatazama vizuri aliona kwamba waliokuwepo siku ile wamebaki wawili tu, mziba pancha na fundi cherehani wa jirani. Wengine walikuwa wamehama, na baadhi wamekufa, kila mmoja ameondoka na habari aliyopewa. Ikambidi aanze mwanzo kabisa, aeleze Taratibu alikuwa nani, ndipo aeleze alichomfanyia.

Alipomaliza, mziba pancha alikuna shingo. "Mimi nilijua siku ile ile kwamba si kweli."

"Mbona hukusema?"

"Fundi, nani humu alikuwa anakukosoa wewe?"

Akaenda pia kwenye zile gereji nne, akasema maneno yale yale kwa kila mwenye gereji. Moja alikuta imeshakuwa duka la rangi.

Taratibu hakurudi. Sikio alimwomba mara tatu, na mara zote alijibiwa kwa upole kwamba macho yake sasa ni ya redio. Lakini gari lenye kasoro ya umeme likiingia, Sikio humwambia mteja apite kwenye chumba cha karibu na tangi, na Taratibu hulihudumia mlangoni kwake. Muuguzi alikwenda huko siku moja kumpa mkono kwa niaba ya baba yake, akakaa saa nzima. Walizungumza nini, Sikio hakuambiwa, na hakuuliza.

Dada yake ameanza kuja nyumbani kwake, si kila Jumapili, baadhi tu. Wanazungumza habari za watoto, za mvua, za bei ya unga. Wiki chache zilizopita walikuwa wamemaliza kula, naye akasema ghafla, akikusanya sahani:

"Mama ile wiki ya mwisho aliniuliza kuhusu nyinyi wawili. Akaniuliza kama mmeshapatana."

Sikio alimtazama. "Ukamwambiaje?"

"Nikamwambia mmepatana zamani. Nikamwambia mko gereji, mna kazi nyingi, ndiyo maana hamji pamoja."

Alitaka kumuuliza kama mama aliamini. Swali lilifika kwenye ulimi, akalirudisha. Akainuka, akachukua vikombe vilivyobaki, akamfuata jikoni, wakaosha vyombo, yeye akiosha na dada yake akisuuza, mpaka vikaisha.